Tupatafute Pale Alipofanyia Kazi: Hotuba kwa Familia za Waliotumikia Viwanja vya Ndege vya Vita

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema mbele yenu. Wengi wenu mmekwisha kufika, au mnajiandaa kufika, kwenye viwanja vya ndege vya Uingereza ambako baba, babu au bibi zenu walitumikia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na nimeombwa nieleze yale niliyojifunza kwa kuvitembelea. Ninalo jambo moja tu la kusema. Kufika uwanjani hakutoshi; yatupasa kupatafuta pale hasa mtu wetu alipokuwa akifanya kazi, kwa sababu uwanja wa ndege wa vita ulikuwa mkubwa kama mji mdogo, na mtu akisimama mahali pasipo pake anaweza kurudi nyumbani akiwa amewaona wote isipokuwa yule aliyemfuata.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa silaha katika Jeshi la Anga la Uingereza, kwenye uwanja mmoja wa Lincolnshire uliokuwa na ndege za mabomu aina ya Lancaster. Mara ya kwanza nilipokwenda huko nilisimama chini ya mnara wa kuongozea ndege, nikasoma majina kwenye jiwe la kumbukumbu, nikapiga picha za kile kilichobaki cha njia ya kurukia ndege, nikatokwa na machozi, nikaondoka. Nilipomwonyesha mama zile picha alizitazama moja baada ya nyingine kwa utaratibu, kisha akaniuliza, "Sasa baba yeye alikuwa wapi hapo?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kazi yake ilikuwa kwenye ghala la mabomu, upande wa pili kabisa wa uwanja, nyuma ya msitu mdogo, na kwamba mchana ule wote nilikuwa nimeligeuzia mgongo.

Ili tuelewe kosa hilo linavyotokea, inafaa kwanza kuelewa jinsi viwanja hivi vilivyojengwa. Vita ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na viwanja vya ndege za kijeshi zaidi ya 700, na zaidi ya 400 kati ya hivyo vilijengwa katika miaka ya vita yenyewe. Mwaka 1942 ujenzi ulipopamba moto, uwanja mpya ulikuwa ukikamilika takriban kila baada ya siku tatu. Vingi vilifuata ramani ya aina moja, ile iliyoitwa ya daraja A: njia tatu za kurukia zinazokatana, ile kuu ikiwa na urefu wa mita 1,830 hivi na nyingine mbili mita 1,280 kila moja, zikizungukwa na barabara ya zege yenye upana wa mita 15. Kandokando ya barabara hiyo ya mzunguko ndiko yalikokuwa maegesho ya ndege, mengine ya duara yenye mkono kama kikaango, mengine yakikaa mawilimawili kama miwani. Hayakuwekwa pamoja, kwa kuwa ndege zikipangwa safu moja bomu moja la adui lingeziteketeza zote.

Hofu hiyo hiyo iliwatawanya watu pia. Mabweni, mabwalo ya chakula, zahanati na bafu vilijengwa makundi makundi katika mashamba ya jirani, mara nyingi mbali na ndege, na ndiyo maana karibu kila mzee aliyetumikia huko alikuwa na hadithi ya baiskeli. Ghala la mabomu lilitengwa kuliko vyote, kwenye pembe iliyo mbali na mabweni, likizungukwa na matuta ya udongo. Uwanja mmoja wa namna hii ungeweza kuwa na watu zaidi ya 2,000. Mnara wa kuongozea ndege, ambao leo ndio unaotengenezwa, ndio unaopigwa picha na ndio unaogeuzwa kuwa makumbusho, ulikuwa mahali pa kazi pa wachache sana kati yao.

Nisieleweke kwamba nawapunguzia heshima walioruka. Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza walikufa wanaanga 55,573 kati ya takriban 125,000, na hakuna awezaye kuitamka hesabu hiyo kwa wepesi. Lakini Lancaster moja iliruka na watu saba, na nyuma ya hao saba walikuwapo mafundi wa injini, mafundi wa silaha, madereva wa matrekta, wapishi, wakunja miamvuli ya kurukia kutoka ndegeni, wapokeaji wa simu za upepo. Kati yao walikuwamo wanawake wengi wa jeshi saidizi la anga, ambalo mwaka 1943 lilikuwa na wanawake zaidi ya 180,000. Kwa hiyo wengi wetu tulioketi hapa, tukizichunguza familia zetu vizuri, tutakuta kwamba mtu wetu hakuruka. Na kifo kiliwafuata huko huko ardhini. Huko Snaith, Yorkshire, ghala la mabomu lililipuka tarehe 19 Juni 1943 na kuua watu 18. Huko Metfield, Suffolk, ambako walikuwa Wamarekani, ghala lao lililipuka tarehe 15 Julai 1944. Ndugu wa marehemu wa namna hiyo akienda kulia chini ya mnara, analia mbali na kaburi.

Sasa, tunaanzia wapi? Tunaanzia kwenye karatasi, miezi kadhaa kabla ya kukata tiketi.

Karatasi ya kwanza kwa kawaida ni barua iliyobaki nyumbani, na barua hizo zina mtego. Wakaguzi wa jeshi hawakuruhusu kutaja mahali, hivyo utakuta "mahali fulani Uingereza" na namba ya posta ya jeshi. Hata pale jina la uwanja linapojulikana, huenda lisilingane na kijiji kilichopo. Uwanja ulioitwa Framlingham wenyeji waliuita Parham, na ule ulioitwa Bury St Edmunds uko Rougham. Wamarekani waliviita vituo vyao kwa namba pia, kwa mfano Thorpe Abbotts, makao ya kundi la 100 la ndege za mabomu, kilikuwa kituo namba 139. Nimepata kukutana na familia iliyozunguka siku nzima katika mji wenye jina la uwanja wao, wakiuliza watu barabarani, ilhali zege walilolitafuta lilikuwa kijiji cha tatu kutoka hapo.

Karatasi ya pili ni rekodi ya utumishi, inayoeleza kazi ya mtu na vikosi alivyopitia kwa tarehe. Za Waingereza zimekuwa zikihamishwa tangu mwaka 2022 kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na ndugu wa karibu anaweza kuziomba. Kwa wale ambao watu wao walikuwa Wamarekani, ni lazima niseme ukweli unaouma: moto wa tarehe 12 Julai 1973 huko St. Louis, Missouri, uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, na karibu asilimia 80 ya rekodi za askari wa nchi kavu walioachishwa kazi kati ya 1912 na 1960 zilipotea, na jeshi la anga la Marekani wakati huo lilihesabiwa ndani ya jeshi la nchi kavu. Asiyepata jalada asikate tamaa. Ripoti za kila asubuhi za vikosi, zilizoandika nani kaja, nani kaugua na nani kaondoka, zilinusurika kwa sehemu kubwa.

Karatasi ya tatu ni daftari la matukio, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Katika Hifadhi ya Nyaraka huko Kew, London, madaftari ya skwadroni, yaani vikosi vya ndege, yamo kwenye kundi liitwalo AIR 27, na ya vituo kwenye AIR 28. Daftari la skwadroni hutaja kila ndege iliyoruka, na majina ya waliokuwamo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi au ukimya mahali ambapo saa hiyo ingeandikwa. Fundi wa ardhini hatajwi ila kwa nadra mno. Mimi niliusoma mwaka mzima wa 1944 wa skwadroni ya babu nisilione jina lake hata mara moja, na nusura nilirudishe daftari nikiamini kwamba halimhusu.

Kilichonizuia ni mistari mifupi iliyokuwa ikijirudia, inayosema kwamba safari ya usiku ule ilipangwa kisha ikafutwa. Kwa rubani mstari huo ulimaanisha usiku wa kulala. Kwa fundi wa silaha ulimaanisha jambo lingine kabisa. Mabomu yalikuwa yamekwisha kutolewa ghalani, yakafungwa mikia na viwashio, yakavutwa kwa trekta hadi kwenye maegesho na kupandishwa tumboni mwa ndege. Safari ikifutwa, kazi hiyo yote ilirudiwa kinyumenyume gizani, kwa uangalifu mkubwa zaidi kwa kuwa sasa mabomu yalikuwa tayari kulipuka. Shabaha ikibadilishwa alasiri, mzigo nao ulibadilishwa. Bomu moja kubwa la kilo 1,800, lenye ganda jembamba kama pipa, lilipandishwa na kushushwa na watu waliokuwa wameamka tangu alfajiri. Baada ya kuelewa hayo, nilianza kuhesabu mistari ile mifupi, na kila niliyoihesabu niliandika pembeni jina la babu kwa kalamu ya risasi katika daftari langu mwenyewe. Daftari la skwadroni lilikuwa limemwandika mara nyingi, ila kwa lugha ambayo sikuwa nimefundishwa kuisoma.

Karatasi ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ramani ya kituo. Makumbusho ya Jeshi la Anga huko Hendon, London, yanahifadhi ramani za Wizara ya Anga zinazoonyesha kila jengo la uwanja kwa namba, na orodha inayoeleza namba hiyo ilikuwa nini: banda la kukunjia miamvuli, karakana ya bunduki, bafu la askari, nyumba ya jenereta, kibanda cha kuwekea viwashio. Ukiwa na rekodi ya utumishi inayokwambia kazi ya mtu, na ramani inayokwambia kazi hiyo ilifanyiwa wapi, unaweza kuweka kidole mahali pamoja na kusema kwamba alikuwa hapa. Kisha ukiilinganisha na picha ya sasa iliyopigwa kutoka angani, utaona kama mahali hapo bado papo, pamelimwa au pamejengwa. Ningekuwa na uwezo, nisingemruhusu mtu yeyote aondoke nyumbani kwake bila nakala ya ramani hii.

Kuhusu kutembelea kwenyewe, nitasema machache. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilirudi kwa wakulima, na ni mali ya watu. Nilipokwenda mara ya kwanza nilitembea kwenye njia ya kurukia bila kumwomba mwenye shamba, na aliponikuta alinisikiliza kwa upole ambao sikuustahili. Mwandikieni barua mapema, mkieleza ninyi ni nani na mnamtafuta nani. Wakulima wengi wa huko wanalijua zege lao kuliko mwanahistoria yeyote, na wapo waliolelewa na wazazi waliokumbuka ndege zenyewe. Msiingie katika majengo yaliyoachwa, kwa kuwa paa na kuta nyingi za vibanda vile zilitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake huua polepole. Wala msichimbe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka, na kuyagusa bila kibali ni kosa, hata kama mliyemtafuta alikuwamo ndani yake.

Jiandaeni pia kukuta mahali penyewe pamegeuka. Stansted na Norwich ni viwanja vya abiria leo. Silverstone, ambako wanaanga walijifunzia kurusha ndege za mabomu aina ya Wellington, na Snetterton, makao ya kundi la 96 la Wamarekani, ni mahali pa mbio za magari. Huko Norfolk yapo mabanda marefu ya batamzinga yaliyojengwa juu ya njia za kurukia, kwa sababu msingi ulikuwa tayari. Pengine zege limepondwa na kuwa kifusi cha barabara, na uwanja mzima umebaki ukanda wa nafaka wenye rangi hafifu kuliko shamba lingine. Nimewaona watu wakikasirika kwa hayo. Mimi sikasiriki kwa kuwa ardhi hiyo ilitwaliwa kwa wakulima kwa ajili ya vita, na ni haki yao kuilima. Lakini nasikitika, na nawahimiza msiahirishe safari, maana kila mwaka kipande kingine kinaondoka.

Wale ambao watu wao hawakurudi wana mahali pengine pa kupitia. Ukumbusho wa Runnymede una majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana. Makaburi ya Wamarekani huko Madingley, karibu na Cambridge, yana waliozikwa zaidi ya 3,800, na ukuta wa majina ya zaidi ya 5,100 waliopotea. Kituo cha kumbukumbu cha ndege za mabomu huko Lincoln kimeandika majina ya karibu 58,000.

Tena wapo waliokwenda mbali zaidi ya kuzuru. Fred na Harold Panton walikuwa wakulima wa Lincolnshire. Kaka yao Christopher aliuawa usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, katika safari ya kwenda Nuremberg ambayo ndege zaidi ya 90 hazikurudi. Miaka mingi baadaye ndugu hao walinunua sehemu ya uwanja wa zamani wa East Kirkby, wakautengeneza mnara, wakanunua Lancaster moja nzima, na mwaka 1988 wakafungua milango kwa umma. Kaka yao alitumikia uwanja mwingine, na mtu anaweza kuniambia kwamba mfano huu unapinga hoja yangu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Naona kwamba mtu asiyeweza kumfikia ndugu yake alipoangukia ana haki ya kujenga mahali pa kumngojea, na injini nne za ndege ile zinaponguruma ardhini pale East Kirkby, wanasimama pembeni wajukuu wa mafundi na wajukuu wa marubani pamoja, na kila mmoja anasikia kile ambacho mtu wake alikisikia.

Namalizia na safari yangu ya pili. Nilikwenda na mama, mwezi Januari, kwa barua na ruhusa ya mwenye shamba, nikiwa na ramani niliyoikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Ghala la mabomu bado lipo, ingawa matuta ya udongo yamemezwa na miiba na magugu yanayowasha. Barabara ya zege inayoingia humo ni nyembamba, na kwenye kona ya kwanza ukingo wake umemegeka, umelika kwa ndani kama mhindi uliotafunwa. Mwenye shamba alituonyesha kwa fimbo. Alisema kwamba trekta liliyavuta matoroli ya mabomu manne au matano kwa mkupuo, na lile la mwisho daima lilikata kona. Mama aliinama akapitisha kiatu chake juu ya ule ukingo, huku na huku, kwa muda.

Kibanda cha kuwekea viwashio, namba yake kwenye ramani ikiwa inasomeka vizuri, kimebaki kuta mbili na reli ya chuma ya kuinulia mabomu. Upepo ulikuwa mkali mno. Niwaambie jambo ambalo mama hakupata kuniambia hadi siku ile: babu alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati lake asubuhi za baridi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikuwa na hisia, na mama, akiwa mtoto wa miaka sita, ndiye aliyekuwa akimfungia kabla hajaenda kazini. Alipomuuliza vimepatwa na nini, alijibu kwamba skrubu za viwashio zilikuwa ndogo na glavu zilikuwa nene, basi.

Mama akavua glavu zake, akazitia mfukoni, akaishika ile reli kwa mikono miwili. Tulikaa pale hadi mwenye shamba alipokuja kutuambia kwamba giza linaingia.

Nakala za ramani za viwanja vinne nimezileta, na zipo juu ya meza iliyo karibu na mlango. Mwenye jina la kituo na kazi ya mtu wake aje tutafute namba ya jengo pamoja. Asanteni.